Skipton, Uingereza: Njoo Siku ya Soko, Ila Usije kwa Ajili ya Soko

Wadau, habari zenu, karibuni tena. Leo sina simu wala blenda ya kuchambua. Leo nauchambua mji mzima. Unaitwa Skipton, uko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kutoka Leeds nimepanda treni moja tu, kama dakika 45 hivi, na kutoka stesheni hadi hapa sokoni nimekuja kwa miguu.

Jina lenyewe kwa Kiingereza cha kale ni mji wa kondoo, na kweli barabara hii niliyosimama ndiyo ilikuwa na mnada wao. Sasa ni meza na turubai, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi: jibini, soksi za sufu, maua. Nisiwadanganye: aliyezoea Kariakoo atalimaliza soko hili chai yake haijapoa. Na bei haishuki. Nilimwomba mama wa jibini anipunguzie, akacheka, akanionjesha kipande kingine. Pai wanazozisifia hapa nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo kama huli, uliza kabla hujauma.

Sasa geuza macho mwisho wa barabara. Ile ngome ndiyo iliyonileta. Ilianzishwa mwaka 1090, na tofauti na magofu mengi ya nchi hii, hii bado ina paa, unapanda ngazi na kuingia chumba hadi chumba. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mfalme dhidi ya bunge, watu wa mfalme walizingirwa humu miaka mitatu, wakasalimu amri Desemba 1645. Wenyeji husimulia kwamba walining'iniza ngozi za kondoo ukutani ili mizinga isibomoe. Kondoo tena!

Lakini mtu wa kumjua hapa ni Lady Anne Clifford. Alizaliwa humu 1590. Baba yake alipofariki mwaka 1605 ardhi na ngome akamwachia mdogo wake, yaani baba mdogo wa Anne, binti akawekwa kando. Hii kesi tunaijua sisi, si ndiyo? Anne akagoma. Mfalme mwenyewe akamwambia akubali, akakataa. Alikuja kurithi mwaka 1643, amebakiza miaka saba atimize sitini, baada ya wanaume wote wa ukoo kwisha. Ngome ilipoezuliwa paa baada ya vita, akaijenga upya. Uani kuna mti wa yew, usiopukutisha majani, aliopanda 1659, na umejaa ua mzima. Nimegusa gome lake, lina rangi ya kutu na linabanduka kama karatasi. Hapo nilikaa nusu saa, sikujuta hata senti ya tiketi.

Nyuma ya ngome kuna tawi la mfereji wa Leeds hadi Liverpool, zamani lilipitisha mashua za mawe ya chokaa. Panafaa kutembea, ni bure, basi.

Ukiwa na muda, nenda Bolton Abbey, kama kilomita 10 hivi. Watawa walianza kujenga hapo 1154. Nusu ya kanisa ni gofu, nusu nyingine watu wanasali mpaka leo. Mto Wharfe unavukwa kwa mawe ya kukanyaga, yapata 60. Daraja lipo pembeni yake, mimi nikajifanya kijana. Katikati ya safari nikateleza, mguu wa kushoto hadi gotini. Watoto wa Kiingereza walifurahi sana.

Ila juu kidogo, panapoitwa Strid, msicheze. Mto wote ule unabanwa kwenye ufa wa mwamba ambao unaonekana kama unarukika. Chini ni kina kirefu na maji yamekula mwamba kwa ndani. Waliojaribu kuruka wakakosea, wengine hawakutoka. Mimi nilipiga picha nikiwa mbali, kiatu kinachuruzika maji, nikarudi kutafuta basi.