Yamaha Enduro 40 baada ya miezi 14 katika njia ya Kibirizi na Mwamgongo

Kwa miezi 14 sasa boti yangu ya mbao, yenye urefu wa mita 11, inasukumwa na mashine ya Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40. Kazi yake ni kupeleka abiria na mizigo katika Ziwa Tanganyika, kutoka mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma hadi Mwamgongo, kaskazini kidogo ya Hifadhi ya Gombe, na mara mojamoja hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi. Kabla yake nilikuwa na mashine ya farasi 60 ya kampuni nyingine, ya kisasa, yenye nozeli za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Haipiti wiki bila kijana mmojawapo pale mwaloni kuniuliza kwa nini nimeshuka kutoka 60 hadi 40 ilhali wenzangu wanapanda, na kwa kuwa jibu ni refu kuliko nafasi ya kupakia mizigo inavyoruhusu, nimeona niliandike.

Mashine ile ya kwanza ilikuwa na kasi ya kupendeza. Boti ikiwa tupu ilikuwa inainua kifua na kuteleza juu ya maji, na kwenda Mwamgongo tulikuwa tukitumia muda usiozidi saa moja na robo. Lakini mwezi Julai, kusi likiwa limeshika, tukirudi na abiria 23 pamoja na magunia ya dagaa, tulipofika usawa wa Mtanga king'ora kilianza kulia, mashine ikajipunguza yenyewe hadi mwendo wa konokono, kisha ikazima. Betri ilikuwa nzima, petroli ilikuwepo, na kamba ya kuwashia haikuwepo kabisa, kwa sababu mashine ya aina hiyo huwashwa kwa swichi. Upepo ulitusukuma kurudi kaskazini kwa muda wa saa mbili, akina mama wakikinga watoto kwa vitenge, mpaka boti ya wavuvi ilipotuvuta. Kosa lilikuwa maji kidogo ndani ya petroli, kitu cha kawaida kabisa kwa mafuta yanayosafiri katika madumu. Fundi wangu, mtu mwenye mikono ya dhahabu, aliizunguka mashine ile akaniambia, "Mzee, hapa mimi siwezi kugusa kitu, inataka kompyuta." Pampu ya mafuta ilisubiriwa kutoka Dar es Salaam kwa wiki tano. Sisemi kwamba iliundwa vibaya. Iliundwa kwa ajili ya mtu anayenunua petroli safi na kuishi karibu na karakana yenye vifaa vyake.

Enduro 40 niliyo nayo, toleo la E40X, ni ya mipigo miwili (yaani petroli inawaka kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja), ina pistoni mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 703. Mafuta yanaingia kwa kabureta, moto wa plagi unazalishwa na mashine yenyewe inapozunguka, kwa hiyo haihitaji betri, na inawashwa kwa kuvuta kamba. Springi ya kamba hiyo ikikatika, unafungua kifuniko cha juu, unazungushia kamba nyingine kwenye gurudumu la injini, unavuta, na safari inaendelea. Mwezi Machi ilianza kukohoa tukiwa tumetia nanga Mwamgongo. Utingo alitandika kanga mchangani, fundi wa kijijini akafungua kabureta juu yake, akakitoa kikombe cha chini, na humo tukaona tone la maji limekaa chini ya petroli kama jicho la samaki, pamoja na chembe za kutu kutoka kwenye tangi. Alipuliza vijitundu kwa mdomo, akafuta, akafunga. Hata chai haikuwa imepoa. Ulikuwa ugonjwa uleule ulioniweka chini wiki tano.

Vijana wengi huulizia farasi tu, wakasahau kuuliza farasi hao wamekamuliwa kutoka katika ujazo gani na kwa mizunguko mingapi. Mfano unaonifundisha zaidi unatoka mbali, kwenye magari ya theluji ya Kanada, ambayo nayo kwa miaka mingi yametegemea injini za mipigo miwili. Injini ya Rotax 850 E-TEC inayofungwa kwenye magari ya Ski-Doo ina ujazo wa sentimita 849 na inatoa farasi 165, na ile yenye tabo, yaani feni inayosukumia injini hewa zaidi, inafikia 180. Enduro ya farasi 60, dada mkubwa wa hii yangu, nayo ina ujazo wa sentimita 849, lakini inatoa hao 60 tu. Ujazo ni uleule. Ile ya theluji inazunguka karibu mara 8,000 kwa dakika, inapewa petroli ya daraja la juu, inavuta hewa ya baridi kali iliyoshikamana, na kompyuta inapima kila tone. Hii ya kwetu inaridhika na mizunguko ipatayo 5,000. Wahandisi wa Yamaha walikuwa na uwezo wa kuikamua zaidi. Waliamua kuiachia pumzi, na pumzi hiyo ndiyo inayovumilia petroli mbaya, joto, na nahodha asiyeachia mkono wa gesi kwa saa mbili mfululizo. Hata huko Kanada dereva anayekwenda porini peke yake hulazimika kuamua kati ya mbio na kurudi nyumbani, maana kuzimikiwa kwenye theluji usiku si jambo dogo kuliko kuzimikiwa mbele ya Mtanga.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kimo cha ziwa letu. Tanganyika iko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo farasi 40 za kiwandani, hapa Kigoma ni kama 37. Si hasara ya kulia, ila inabadilisha uchaguzi wa propela. Mashine hii imekusudiwa kuzunguka kati ya mara 4,500 na 5,500 kwa dakika gesi ikiwa wazi kabisa. Mimi nilianza na propela iliyokuja nayo, boti ikiwa imejaa, na kipimo tulichoazima kikasoma 4,100. Maana yake injini ilikuwa inabebeshwa mzigo usio wake, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli katika gia nzito: inafuka, inachemka, plagi zinaota masizi, na mwenyewe anadhani mashine imeisha. Nilibadilisha nikaweka propela yenye mkunjo mdogo zaidi, yaani inayosogeza boti umbali mfupi kwa kila mzunguko, mizunguko ikapanda hadi 4,900 kwa mzigo uleule, na moshi ukapungua tangu siku hiyo. Kama unanunua mashine hii kwa ajili ya mizigo, tenga fedha ya propela ya pili tangu mwanzo.

Naomba sana wasomaji wasikubali mashine hii "iongezwe nguvu". Kuna mafundi wanaokwangua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya pistoni, ili mgandamizo uongezeke, na wengine wanaoweka jeti ndogo, yaani kitundu chembamba cha kupitishia petroli, kwenye kabureta wakidai kubana matumizi ya petroli. Jirani yangu alifanyiwa yote mawili. Boti yake ilitupita wote kwa wiki tatu, kisha ikanyamaza. Nilishika pistoni yake kiganjani: katikati ya kichwa palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya haragwe, kingo zake zimelegea na kuganda kama nta ya mshumaa. Injini ya mipigo miwili hupata mafuta ya kulainisha kupitia petroli ileile inayoungua ndani yake, na kwa hiyo ukiinyima petroli umeinyima na oili, wakati huohuo moto ndani yake unazidi kuwa mkali.

Kuhusu oili, kipimo ni 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linapokea mililita 400. Katika saa 10 za mwanzo, mashine ikiwa mpya, oili huongezwa maradufu. Nunua oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, usikubali oili ya misumeno ya kukatia miti, maana hiyo imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na hewa. Kila asubuhi tazama pia kile kijito cha maji kinachotoka nyuma ya mashine. Kikidhoofika, zima mara moja, kwa sababu mchanga wa fukwe zetu unakula mpira wa pampu ya maji.

Kasoro zake nazijua na zinanigharimu. Kwenda Mwamgongo na mzigo sasa ni zaidi ya saa mbili, na safari moja inakula karibu lita 30, ilhali mashine ya mipigo minne ingetosheka na pungufu ya hapo. Ina kelele, na mkono wa usukani unatetemeka hadi vidole vinakufa ganzi. Linaloniumiza zaidi ni ziwa lenyewe. Injini ya kabureta ya mipigo miwili hutoa hadi robo ya petroli yake bila kuungua, ikaingia kwenye maji tunayokunywa, na ni kwa sababu hiyo sheria za Marekani na Ulaya zimeziondoa mashine mpya za aina hii sokoni kwao. Siku fundi wa Kigoma atakapokuwa na vifaa vya kutengeneza mashine ya mipigo minne, na vipuri vikawa hapa mjini, nitahama bila kusita, na yeyote anayepeleka watalii Mahale kwa petroli safi na fedha ya kutosha nadhani ahame leo.

Mimi napakia akina mama, wanafunzi na magunia, na vipuri vya Enduro navipata hapa mjini kwa kutembea kwa miguu. Jioni watu wawili tunaipitisha mti na kuipandisha nyumbani, maana ina kilo 70 na kidogo, na mwaloni hailali salama. Mwezi Novemba nilinunua na ya akiba, Enduro 15 yenye ujazo wa sentimita 246. Inakaa chini ya ubao wa mbele, imefungwa turubai, na kila Jumamosi utingo huiwasha dakika tano kisha akaichomoa petroli, ili kabureta isiote utando.