Tumefanyiwa makabati ya kwenye Haisi Ngamiani, na mbuzi ya nazi imepata pa kulala

Wadau naandika hii kwa sababu nimechoka kuulizwa. Kila Jumapili tukipaki ufukweni Raskazone, hapa Tanga, tukafungua tu mlango wa ubavuni anakuja mtu anachungulia, "samahani dada, haya makabati mmefanyiwa wapi", mara aje mwingine na mumewe, juzi mzee mmoja kapanda kabisa na viatu vyake vya mchanga kakaa kwenye benchi anafungua droo mojamoja kama yuko dukani. Basi jibu ni hili, tumefanyiwa na fundi seremala wa vitanda, hukuhuku Ngamiani kwenye barabara za namba, sio Dar wala Nairobi. Jina na namba yake siweki humu maana sijamuomba ruhusa, ukinikuta ufukweni ntakuelekeza kwa mdomo.

Gari lenyewe Haisi ile fupi, kabla hatujainunua ilikua kipanya cha abiria, mpaka leo ukiitazama na jua la jioni unauona mstari wa ruti ulivyofutwafutwa. Siti za nyuma tulitoa tukabakisha mstari mmoja wenye mikanda kwa ajili ya watoto, hapo baba yao alitaka tutoe zote tupate nafasi nikamwambia hilo hatujadili. Kutoka mgongo wa siti hiyo hadi mlango wa nyuma nilipima kwa futi kamba nikapata sentimita 190, upana 150 na kitu. Humo ndo tunalala mi na mwenzangu na mtoto wetu mdogo wa miaka mitatu, wa katikati analala kwenye siti ya mikanda, mkubwa kajichagulia mwenyewe siti za mbele anasema ndo chumba chake na tubishe hodi.

Sasa mwaka wa kwanza mzima tulikua tunasafiri na shangazi kaja nne, mabeseni mawili na maboksi, yaani ukitaka mswaki wa mtoto unashusha familia nzima chini. Kuna usiku tulikua Pangani, mvua ikaanza tukiwa tumetandaza kila kitu mchangani tunatafuta tochi. Tochi ilikua kwenye kiatu. Siku ile ndo nikasema hapana, pesa ya kochi jipya inaenda kwa seremala.

Kilichonifanya nimpende huyu fundi ni siku ya kwanza. Wawili wa kabla yake walizunguka gari, wakagonga bodi, wakataja bei papohapo. Yeye akasema leteni vitu kwanza. Mume wangu akadhani anataka mbao, akauliza plaiwudi ya ngapi, fundi akacheka, "hapana shemeji, vitu mnavyosafiri navyo, vyote, hata chupi". Basi kesho yake asubuhi tukatandika jamvi mbele ya karakana tukamwaga kila kitu, majirani wanapita wanajua tumefukuzwa kwenye nyumba, kuna mama akashika chupa yangu ya chai akauliza bei. Fundi akagawa mafungu. La kwanza vitu vya kila saa, kama maji, vikombe, tochi, nepi. La pili vitu vya mara moja kwa siku, kama masufuria na matandiko. La tatu vya dharura, jeki, spana, dawa. La nne akalisukuma pembeni na mguu akasema hivi vinarudi nyumbani. Kwenye la nne kulikua na pasi, kinu na mchi wake, sufuria ya pilau ya watu ishirini ambayo sijui hata ilipandaje gari, na mbuzi yangu ya kukunia nazi.

Hapo kwenye mbuzi ndo tuligombana. Mume wangu akaunga mkono upande wa fundi haraka sana, eti tutanunua tui la pakiti. Nikawaambia mi ni mtoto wa Tanga, nikapikie watu samaki wa kupaka ufukweni kwa tui la pakiti na minazi inanitazama? Fundi na yeye ni mtu wa Pwani, akanyamaza kidogo, akaikunja mbuzi, akaipima unene, akasema ikilala kwa ubavu haizidi inchi tatu. Akaitafutia pachipachi kati ya tuta la tairi la nyuma na kabati la jiko, mahali ambapo kila mtu angeacha wazi maana hapaingii kitu. Afu ule ulimi wa chuma akauvalisha kipande cha mpira wa tairi ili mtoto asijikate. Nilimsamehe mambo mengi baadae kwa sababu ya hicho kipande cha mpira.

Kitanda ni boksi la chini lenye milango miwili, unafungua kwa ndani ukiwa umekaa na kwa nyuma ukiwa umesimama nje, hii nzuri mno kwa sababu mvua ikinyesha huhitaji kutoka na kukiwa na jua jiko linaishi nje kabisa. Juu yake kaweka chaga badala ya bodi zima. Mi nilitaka bodi, nikaona ndo imara, akaniambia dada kwa joto hili la Tanga ukilaza sponji juu ya bodi, watu watatu wanapumua na madirisha mmefunga sababu ya mbu, asubuhi chini ya godoro pamelowa na wiki ya pili pana ukungu. Kweli, shemeji yangu ana gari ya hivyo ya bodi zima, masika yaliyopita kalitupa godoro lina madoa kama ramani. Na makabati yote katumia plaiwudi, hakutumia MDF, yale mabao ya unga wa mbao uliogandamizwa, hiyo ikila unyevu inavimba kwenye skrubu na bawaba zinang'oka, huku baharini haina maisha.

Maji sasa. Tunabeba madumu matatu ya lita ishirini, hizo ni kilo sitini kabla hujaweka hata sufuria. Fundi akayapanga nyuma kabisa mlangoni, ukifungua tu unachota, raha tupu. Tukaenda nayo Amboni na kurudi, mwenzangu akasema usukani umekua mwepesi mwepesi ajabu, gari inaelea mbele. Yeye fundi ni wa vitanda, hilo hakulijua na alikiri hakulijua. Aliyetuambia ni dereva wa lori anayepaki pale jirani na karakana, akaangalia sekunde mbili akasema uzito mmeutupa nyuma ya ekseli ndo maana pua inanyanyuka, rudisheni mbele ya tairi za nyuma na uwe chini sakafuni. Fundi akabomoa akahamisha bila kuongeza hela. Sasa madumu yapo chini ya mwanzo wa kitanda na tumeweka mpira wenye koki, kuchota inabidi uiname ila gari imetulia.

Gesi ndo nilipopandisha sauti. Tuna ule mtungi mdogo wa kilo sita, akautengenezea kikabati kizuri kweli, kimepigwa msasa na vanishi kinang'aa, akatoboa matundu kwa juu kama kabati la mikate. Nikamwambia gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini inakaa hapo inakusubiri uwashe kiberiti, tundu linatakiwa sakafuni litokee nje ya gari. Akabisha, eti harufu si inapanda juu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho alitoboa chini, tena kakata kabisa bati la sakafu na akaweka wavu wa chuma panya wasipande, na kikabati chenyewe kwa ndani kakiziba pande zote kisivuje kwenye chumba. Ila kama ningekua sijui? Na kukiwa na upepo bado mtungi tunaushusha nje, mi siamini sana kitu kinacholipuka kilale na wanangu.

Makabati ya juu ndo kosa kubwa na nusu kosa ni letu. Tuliyataka sababu kwenye picha yanapendeza. Akaweka pande zote mbili, milango ya sumaku. Kwenye lami ya Segera hapo hakuna shida, umeenda Korogwe umefika Mombo unajisifu, afu unaanza kupanda Lushoto. Mnaijua ile barabara, kona juu ya kona, mlima huku korongo kule. Kona ya tatu mlango ukafunguka, kopo la maziwa likashuka likapita sikio la mtoto wa katikati likagonga dirisha. Sikusema kitu mpaka Lushoto. Tuliporudi nikamwambia fundi ng'oa yote. Akang'oa, akasikitika kidogo maana ndo aliyahangaikia kuliko vyote, akafunga wavu badala yake, ule wa wavuvi wa matundu madogo, mita chache tu tulinunua kwa wauza zana za uvuvi, umekazwa na kamba ya katani pembeni. Humo tunaweka khanga, mataulo, nepi, mkate, kitu ambacho kikikuangukia unacheka. Unaona kila kilichomo bila kufungua, na kichwa hakigongi tena. Kwa hiyo kama unaenda kutengenezewa anza moja kwa moja na wavu usipoteze plaiwudi.

Droo hazikuwahi kufunguka hata Lushoto. Hazina kitasa cha bei wala nini, kazichonga kajino kwa chini, ukitaka kuivuta lazima uinyanyue kwanza kidogo ndo itoke. Mtoto wa miaka mitatu hajaigundua bado. Namuombea achelewe.

Na kuna boksi moja chini ya benchi, la saizi ya kreti ya soda hivi, alilimaliza akalifunga akaniambia hili msiweke kitu. Nikamuuliza la nini sasa, si ndo nafasi tunayoitafuta hii. Akasema "mama, mnaenda na mnarudi". Sikumuelewa mpaka siku tunatoka Lushoto na kabichi, karoti na ndoo ya plamu, afu Muheza mume wangu akasimama machungwa kama vile tumeagizwa na mtaa. Kila kitu kilipata pa kukaa na watoto walikaa na miguu chini. Mwaka juzi safari kama hiyo walirudi wamekunja magoti juu ya kabichi.

Sa tuje kwenye maudhi. Aliahidi siku nane, ilichukua wiki tatu na siku mbili. Ukipiga simu yupo njiani, ukienda karakana yupo msibani, ukienda msibani hayupo. Gari ilikaa wiki nzima bila mlango wa boksi kwa sababu alipata oda ya kitanda cha bwana harusi, na nikiuliza ananiambia dada harusi haisubiri. Vanishi nayo alipaka jioni ya kutukabidhi, gari tuliiacha milango wazi siku tatu nyumbani ndo harufu ikapungua. Na kingo mbili za plaiwudi kule nyuma hazikupigwa msasa, mwenzangu alichomwa na kibanzi akaja nacho nyumbani kama ushahidi.

Bei, tulilipa laki nane na nusu, ufundi na plaiwudi na reli na bawaba, godoro tulikata la kwetu la zamani. Wavu na kamba juu yetu. Kuna fundi wa magari alituambia milioni mbili na hakuuliza hata tuna watoto wangapi. Nampa nne kwa tano, hiyo moja nimeitoa kwa ajili ya tundu la gesi, kopo la maziwa nimeliweka kwenye akaunti yetu.

Kama unaenda kwake nenda na vitu vyako vyote, na mlipe kwa awamu, ile ya mwisho usiitoe mpaka umezunguka nayo angalau hadi Pangani ukiwa na madumu yamejaa, matatizo yote tuliyagundua na gari ikiwa na mzigo, ikiwa tupu kila kitu kinapendeza. Na umwambie mapema kama una mbuzi.

Jumapili tupo Raskazone kuanzia saa tisa, mkitaka kuangalia karibuni, mnabisha hodi mbele kwa mkubwa na mnavua viatu.