TAHADHARI: Taya za fifwili zilizojazwa weldingi zinauzwa kama mpya

Wenye semi na madereva wa njia ya Tunduma, hili limenikuta mwenyewe wiki iliyopita hapa Dar.

Nilikuwa nafanya sevisi ya kawaida ya fifwili, lile sahani la kichwa linalobeba tela. Tuliosha grisi kuukuu yote kwanza. (Wengi wanapaka mpya juu ya ile iliyojaa mchanga, halafu wanalalamika chuma kinalika.) Kingpini, ile pini ya tela inayoingia kwenye fifwili, tuliipima kwa kalipa: shingo ikiwa mpya ni milimita 50.8, ikifika 49 unaitoa. Yangu bado iko 50. Ila taya na ringi, vile vyuma vya fifwili vinavyoibana kingpini, vilikuwa vimekwisha, ndiyo maana tela lilikuwa linanigonga kila nikishika breki.

Akaja jamaa wa spea, si mwenye duka, ni wale wanaokufuata gereji. Ana seti ya "orijino" ndani ya boksi, rangi nyeusi inang'aa, bei nusu ya dukani. Risiti eti kesho. Nikalipa, tamaa tu.

Fundi wangu ni mzee asiye na haraka. Kabla ya kufunga alilowesha kitambaa kwa thina akasugua. Rangi ikatoka, chini yake mistari ya weldingi na mikwaruzo ya grainda! Taya chakavu la mtu, limejazwa chuma, likasagwa, likapigwa rangi. Taya hukomazwa kwa moto kiwandani. Ukilichomelea, ukomavu ule unaharibika na linaweza kupasuka. Sasa lipasuke unateremka mlima Kitonga na mzigo kamili nyuma.

Nilipompigia yule jamaa wa spea alinijibu, "Bosi, hata mpya zina weldingi." Tangu hapo hapatikani.

Kwa hiyo mkiletewa seti, thina kwanza, hela baadaye. Tazameni na namba ya kiwanda iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, maana boksi mtu yeyote anachapisha. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idaiwe palepale. Mimi nataka kwenda Tume ya Ushindani, FCC, lakini risiti sina, nina boksi tu.

Kama umeshafunga seti ya mtu wa namna hii, usijipe moyo kwa sababu ulivuta kichwa na tela halikuachia. Kuvuta kunaonyesha kwamba taya limefunga, hakuonyeshi limetengenezwa kwa kitu gani. Lishushe, lioshe, sugua rangi.