Sensa ya pedi za breki kwa BMW E90: ipi ya kununua ukiwa Dodoma, na kwa nini taa haizimi

Pedi mpya zimefungwa, diski ziko safi, gari linasimama vizuri, lakini taa ya pedi bado inawaka kwenye dashibodi. Kwa BMW za E90, hizi 3 Series zilizoanza kutoka 2005, mara nyingi pedi hazina kosa lolote. Kosa liko kwenye waya mwembamba unaoishia ndani ya pedi, yaani sensa. Madukani utakutana na aina mbili: zile za mfuko wa nailoni zisizo na jina la kiwanda, na zile za viwanda vinavyojulikana kama Bosch, ATE, Textar au Bowa. Nunua hizi za pili. Za kwanza ndizo zinazowarudisha watu gereji mara tatu kwa tatizo lile lile.

Ili uelewe kwa nini, angalia kwanza sensa yenyewe inavyofanya kazi. Ni kichwa cha plastiki kinachochomekwa kwenye nafasi iliyoachwa kwenye pedi ya ndani, ile inayosukumwa na pistoni. Ndani ya plastiki umepita waya uliokunjwa kama kitanzi. Pedi ikilika vya kutosha, diski inaanza kusaga ile plastiki, kisha inaukata waya. Kwenye E46, yaani 3 Series iliyotangulia, kitanzi ni kimoja: kikikatika, taa inawaka. E90 ina hatua mbili. Diski ikikata hatua ya kwanza, kompyuta ya gari inapata alama ya kupigia hesabu na kukadiria kilomita zilizobaki. Ikikata ya pili, onyo kamili linatoka. Waya uliokwisha kukatwa haujiungi tena, kwa hiyo kufunga pedi mpya na kuirudisha sensa ya zamani ni kujitafutia taa ile ile.

Sasa chukua sensa ya mfuko wa nailoni uishike mkononi. Waya wake ni mgumu; ukiukunja unabaki umekunjika kama waya wa kufungia nondo. Vile vipande vya raba vinavyotakiwa kukaa kwenye vishikio vya kalipa (chuma kinachobana pedi kwenye diski) vinateleza ukivivuta kwa vidole viwili, au vimewekwa sentimita kadhaa mbali na mahali pake. Kichwa kinacheza ndani ya pedi badala ya kuingia kwa kukaza. Haya hayaonekani gari likiwa kwenye jeki na tairi limenyooka. Yanaonekana unapokata kona mpaka mwisho: waya mfupi unavutika, plagi inaachia kidogo, taa inawaka. Ukinyoosha usukani haizimi, kwa sababu kompyuta imeshaandika kosa. Waya uliozidi urefu nao unalegea na kusugua rimu mpaka ganda linaisha. Na kichwa kinachocheza kinatikisika kwenye njia za vumbi zenye mawimbi pembezoni mwa mji mpaka plastiki inapasuka, pedi zikiwa bado nene.

Sensa ya kiwanda kinachojulikana inakaa. Waya ni laini, raba zimegandishwa mahali pake, plagi ina mpira wa kuzuia maji na vumbi, na ukiichomeka unasikia mlio mdogo wa kunasa. Huo mpira wa plagi ni muhimu sana huku kwetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unapeleka vumbi jekundu kila penye upenyo, halafu mvua za Desemba zinaligeuza tope. Plagi isiyo na mpira mzuri inapata kutu ya kijani kwenye pini, na taa inaanza kuwaka na kuzima bila mpangilio.

Usinunue kwa kusema tu "sensa ya BMW". Ya mbele si sawa na ya nyuma, na magari yenye breki kubwa zaidi yanaweza kuwa na sensa yake. Mpe muuzaji herufi na namba saba za mwisho za chasisi. Katalogi ya BMW inatafuta kwa hizo. Spea ikiagizwa Kariakoo na kuja kwa basi, mwombe muuzaji akutumie picha ya plagi, ya kichwa na ya waya ulionyooshwa kando ya futi kabla hajafunga mzigo. Kwenda kupokea kifurushi stendi ya Nanenane na kukuta plagi haiingii ni hasara ya siku nzima. Sensa ya mtumba iliyochomolewa kwenye gari lililokatwa usiiguse kabisa. Plastiki iliyokaa kwenye joto la breki kwa miaka inakatika ukiichomoa tu.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha ni sensa kweli. Alama ya pedi ni duara lenye vistari vilivyokatika pembeni. Duara lenye alama ya mshangao ni habari nyingine: breki ya mkono haijashuka, au mafuta ya breki yamepungua. Hayo mafuta hupungua kwenye chupa pedi zinapolika kwa sababu pistoni zimetoka nje. Ukikimbilia kujaza mafuta ya breki ya DOT 4 mpaka juu, siku ya kufunga pedi mpya pistoni zikirudishwa ndani mafuta yatafurika na kubabua rangi ya gari.

Kisha pima pedi, zote nane, za ndani na za nje. Ikibaki milimita 3 za kitambaa, ile sehemu ya pedi inayolika, badilisha. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa wa mfumo huu, na hata sensa bora duniani haiuondoi: gari zima lina sensa mbili tu, mbele kushoto na nyuma kulia. Pini za kalipa ya mbele kulia zikishikwa na vumbi, pedi ya upande huo itaisha mpaka chuma kwa chuma na dashibodi isikwambie neno. Mtu anayeshuka mlima Nyang'oro akitoka Iringa na mzigo akitegemea taa peke yake anahatarisha watu.

Pedi zikiwa nzima, chomoa plagi ya sensa. Ya mbele iko ndani ya fenda, kwenye kiboksi kidogo cha plastiki inachokaa pamoja na plagi ya sensa ya ABS. Weka mita ya fundi umeme kwenye pini mbili za upande wa sensa. Sensa nzima inasoma karibu na omu 0 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ikisoma mamia ya omu, hatua ya kwanza imeshakatwa. Isiposoma kitu, imekatika kabisa. Ikisoma vizuri huku ukiutikisa waya na namba haibadiliki, acha kununua sensa; tatizo liko kwenye pini za plagi, kwenye waya wa gari, au taa haijawahi kurisetiwa.

Kuifunga si kazi ngumu, ila fundi mwenye haraka anaiharibu. Switchi iwe imezimwa muda wote. Jeki peke yake haitoshi, weka stendi. Bolti za tairi ni soketi ya 17, pini za kalipa ni alenki namba 7. Chomeka kichwa kwenye pedi ya ndani kabla ya kurudisha kalipa, si baada. Halafu ufuatishe waya njia yake ya asili: unapita kwenye nafasi ya kalipa, unashikwa na kile kifuniko cha raba cha nipo ya kutolea upepo, unaendelea hadi kwenye kiboksi. Kifuniko hicho mafundi wengi hukitupa wakidhani ni cha kuzuia vumbi tu, na waya unabaki kuning'inia. Kabla ya kushusha gari, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, ukiangalia kama waya unavutika. Bolti za tairi zikazwe nyutoni mita 120.

Kurisetia hakuhitaji mashine. Washa switchi bila kukanyaga breki ili injini isiwake. Bonyeza na ushikilie kitufe cha kurudisha kilomita za safari kwa sekunde kama 10 mpaka orodha ya huduma itokee. Bonyeza kidogo kidogo mpaka ufike alama ya breki, ya mbele au ya nyuma kulingana na ulichobadilisha. Shikilia mpaka neno RESET lionekane, achia, shikilia tena. Gari likikataa, halijaona sensa nzima. Rudi kwenye plagi ukapime. Usikubali kuambiwa kwamba kompyuta imekufa.

Njia ya mkato inayouzwa sana ni kukata waya na kuunganisha ncha mbili pamoja. Taa inazima, ndiyo, kwa sababu kompyuta inaona kitanzi kizima ambacho hakitakatika milele. Atakayenunua gari hilo baadaye ataamini lina onyo la pedi wakati halina. Ukikuta waya umefungwa gundi ya umeme karibu na kalipa, jua hicho ndicho kilichofanyika.

Wenye Mercedes za W203 na W204 wasifuate vipimo hivi. Sensa zao zinafanya kinyume: chuma chake kikigusa diski ndipo taa inawaka. Ukiichomoa, taa inazima, na waya uliochubuka ukigusa bodi unaiwasha hata pedi zikiwa mpya. Golf za kizazi cha tano zenye mfumo huu hufuata mtindo wa kukatika, na waya huja umeshikana na pedi yenyewe, kwa hiyo nunua seti yenye waya. Toyota nyingi tunazoendesha hapa, IST na Raum zikiwemo, hazina sensa ya umeme. Zina kibati kinachopiga kelele kwenye diski pedi zikiisha. Taa ya breki ikiwaka kwenye IST, anza na breki ya mkono na chupa ya mafuta.