Kozi za wataalamu wa ndoa wa Marekani, nilizosomea Mtwara: uzoefu wangu

Nimemaliza mwaka na kifurushi cha mafunzo endelevu ya mtandaoni, kilichotengenezwa kwa wataalamu wa ndoa na familia wa Marekani wanaohuisha leseni zao. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Mtwara. Leseni ya Marekani sina wala siihitaji. Nilikitafuta kwa sababu mashauri ya ndoa ndiyo yanayojaza benchi la nje ya ofisi yetu, hasa kuanzia Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa, na nilitaka kujua wenzetu wanasomeshwa nini baada ya kuhitimu. Kwa anayetaka jibu la haraka: lipia, lakini lipia kwa ajili ya masomo matatu. Mengine pita.

Kule kila jimbo lina bodi yake ya leseni. California, iliyoanza kuwapa leseni wataalamu hawa mwaka 1963, inadai saa 36 za masomo kila miaka miwili, na 6 kati ya hizo ziwe za sheria na maadili. Hapo ndipo kampuni nyingi zimeingia kuuza hizo saa za masomo. Unasoma, unafanya jaribio, unapakua cheti. Yangu ilikuwa uanachama wa mwaka kwa dola 99, kama laki mbili na nusu za kwetu wakati nalipa. Nilitumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu na haikuleta shida.

Somo lililonilipa hela yangu yote ni la ukatili kati ya wenzi. Linaanza na kanuni moja: kabla hujawakalisha mume na mke pamoja, zungumza na kila mmoja peke yake. Muulize anamwogopa mwenzake au la, nani anashika hela, nani anapekua simu ya nani, kama amewahi kulazimishwa kitandani, kama amewahi kukabwa koo. Hilo la koo limesisitizwa sana, na kwa haki, maana utafiti umeonyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa naye. Kisha wanaleta tofauti aliyoichora mwanasosholojia Michael P. Johnson mwaka 1995: kuna ugomvi unaozuka watu wakipandwa na hasira, na kuna mtu anayemtawala mwenzake kwa vitisho siku zote, kipigo kikiwa chombo kimoja tu kati ya vingi. Wa kwanza unaweza kuwakalisha mezani. Wa pili ukiwakalisha, unamweka mwanamke aseme siri mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani jioni.

Nalitilia uzito somo hili kwa sababu ya namna usuluhishi unavyoendeshwa mitaani kwetu. Wanaitwa wote wawili, wazee wamekaa, kila mtu aeleze lake. Mama mwenye hofu atasema tu, "Tumeshasameheana." Faili linafungwa, watu wanapeana mikono, na kila mtu anaona kazi imefanyika. Wakati Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo! Na kifungu cha 101, ambacho ndicho kinachowapeleka watu kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, kinaacha mlango kwa mazingira yasiyo ya kawaida ambayo mahakama ikiridhika nayo, hapalazimiki kupita baraza. Wanawake wengi wanaofika kwetu hawajawahi kuambiwa habari ya mlango huo.

Sasa ofisini tunawaambia wote, bila kuchagua, kwamba kila mtu anaonwa peke yake kwanza. Kwa kuwa ni utaratibu wa wote, mume haoni kama mkewe ameomba kusema jambo la faragha. Kukiwa na hatari, hatuendelei na usuluhishi. Tunampeleka mhusika Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na akiwa ameumia tunaanza na hospitali. Imetuongezea muda wa kila shauri, na wapo wazee wa baraza waliolalamika kwamba tunazungusha watu. Mimi siwezi tena kurudi kwenye ule utaratibu wa zamani.

Somo la pili ni la kuchora ukoo, wao wanaita jenogramu. Mzizi wake ni kazi ya Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani, na alama zake zikawekwa sawa na Monica McGoldrick na Randy Gerson kwenye kitabu cha mwaka 1985: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari ya ndoa, mistari ya watoto, vistari viwili vinavyokata mstari wa ndoa palipo na talaka. Mwalimu wa kozi alichora familia ya watu sita akamaliza. Kwetu Kusini, karatasi moja haitoshi. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kwenye mambo ambayo kozi inadhani ni ya baba na mama peke yao.

Nitoe mfano, nikiwa nimeuvuruga vya kutosha asitambulike mtu. Mume na mke wanagombana kila msimu juu ya hela ya korosho. Ukiwasikiliza, utadhani tatizo ni matumizi: huyu kanunua pikipiki, yule anadai ada. Tulipochora, ikaonekana mikorosho aliipanda mume baada ya kuhamia kijijini kwa mke, kwenye ardhi ya ukoo wa mke, na wajomba wawili wa mke hawajawahi kusema bayana miti ni ya nani. Basi kila hela ikiingia akauntini, mume anaiwahi kwa hofu kwamba siku moja ataambiwa aondoke mikono mitupu. Mke anaona mume ana tamaa. Hakuna kati yao aliyekuwa amelitamka lile la ardhi, na ndilo lililokuwa linawala. Kikao kilichofuata tulimwita mjomba mkubwa. Kozi haikufundisha kumwita mjomba, lakini ule mchoro ndio uliotuonyesha nafasi yake.

La tatu linatokana na kazi ya mwanasaikolojia John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington. Anataja mienendo minne inayoua ndoa: lawama za kumshambulia mtu tabia yake, dharau, kujitetea kila unapoguswa, na kununa ukajifungia kama ukuta. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Zoezi lake ni jepesi kufundisha: anza lalamiko kwa upole na kwa jambo moja. Badala ya "Wewe huna akili ya hela, ukoo wenu wote mko hivyo," mtu aseme, "Hela ya mnada wa kwanza sijaiona nyumbani, na shule zinafunguliwa Januari." Nawafanyisha wanandoa palepale ofisini, mara mbili tatu, mpaka sauti ishuke. Wanaume wa makamo huliona jambo la kitoto dakika za mwanzo, halafu wanalishika vizuri kuliko vijana.

Ya kulalamikia yapo. Hakuna hata somo moja kuhusu kipato cha msimu, yaani nyumba inayoishi kwa hela ya miezi mitatu na kukopa miezi tisa. Mitala imetajwa kwa kupita. Sehemu ya sheria na maadili, ambayo kwa Wamarekani ndiyo ya lazima, kwetu haina kazi isipokuwa mjadala wa siri na hatari uliotokana na kesi ya Tarasoff ya California, ya mwaka 1976: mtaalamu afanye nini mteja akisema atamdhuru mtu fulani. Hiyo isome. Badala ya mengine, chukua Sheria yetu ya Ndoa. Ujue kwamba hati ya baraza inayoambatanishwa na maombi ya talaka isiwe imezidi miezi sita, kifungu cha 106. Ujue kifungu cha 114 cha mgawanyo wa mali, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyotambua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Majaribio yao ni mepesi kupita kiasi. Mtu anaweza kufaulu bila kusoma, na nadhani wengi wanaokimbizana na tarehe ya leseni hufanya hivyo. Inasikitisha kwa kazi inayogusa maisha ya watu.

Madarasa ya moja kwa moja yanaanza saa nne asubuhi ya California, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, na miezi yao ya baridi ni saa tatu. Ukiwa Mtwara mjini utayaona bila taabu kubwa. Rafiki yangu aliye wilaya ya Liwale aliishia kusikia sauti bila picha. Pakua maandishi alfajiri, yote ni Kiingereza kizito kidogo, usome taratibu.

Cheti usikitegemee kwa mwajiri. Wangu aliuliza nani ametambua hizo saa, na swali lake ni la haki.

Mwakani silipii kifurushi kizima. Nitanunua somo moja moja, nikianza na lile la watoto wanaolelewa kati ya nyumba mbili, kwa kuwa mashauri ya matunzo ya watoto yanakuja na wanandoa walewale, na wengi wa watoto hao wako kwa bibi zao, na bibi haitwi kwenye kikao.