Camila White: Bilionea wa Hoteli Aliyenirudisha Mapokezi

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Leo tuko na msimu wa 5 wa tamthilia ya Only Murders in the Building, ila sitauchambua wote. Nataka tumkalie mtu mmoja: Camila White, bilionea wa mahoteli, anayechezwa na Renée Zellweger. Msiogope, muuaji simtaji.

Kwa ambaye hajaanza kabisa: Charles, Oliver na Mabel wanaishi Arconia, jengo la wenye nazo huko Manhattan. Kwenye maisha halisi jengo lenyewe linaitwa Belnord, lina zaidi ya miaka 100. Akifa mtu, hawa watatu mbio kwenye maikrofoni kurekodi podikasti. Safari hii kafa Lester, bawabu wao, maiti imekutwa kwenye chemchemi ya uani. Polisi wanasema ajali, wao hawataki kusikia. Kuchimba kidogo tu, wanaibuka mafia na mabilionea watatu, Camila akiwemo.

Sasa hapa ndipo waliponikamata. Ukiangalia vizuri, Lester na Camila kazi yao ni moja! Wote wanakula kwa kumpokea mgeni. Ila Lester anakujua jina, anaujua mzigo wako, anaijua hata siku uliyorudi unalia. Camila anajua tu mlango wako unaweza kuingiza kiasi gani.

Mimi nimekaa mapokezi ya hoteli moja ya ufukweni miaka miwili, jina naliacha. Mwenye mali akija anakuuliza, "Mtoto hajambo?" huku kidole kinapita juu ya kaunta kutafuta vumbi. Unajibu, yeye keshaanza kunyoosha maua kwenye chombo. Zellweger kalipatia lile tabasamu hadi nikajikuta nimekaa wima kwenye kochi langu mwenyewe.

Na msiseme wamezidisha chumvi. New York ilikuwa na Leona Helmsley, malkia wa mahoteli, aliyetiwa hatiani kwa kukwepa kodi mwaka 1989. Mfanyakazi wake wa ndani alisema mahakamani kwamba alimsikia akisema kodi wanalipa watu wadogo tu. Mwenyewe alikana. Alipofariki mwaka 2007, wosia ukasomwa: dola milioni 12 kwa mbwa wake, jina lake Trouble, na wajukuu wawili patupu. Jaji baadaye akampunguzia mbwa hadi milioni 2. Camila mbele ya huyo mama ni mwanafunzi.

Kinachoniudhi ni msongamano. Christoph Waltz yumo, Logan Lerman yumo, wote mabilionea, wote wanagombania vipindi 10 vya nusu saa hivi. Halafu kuna roboti aliyewekwa mlangoni badala ya Lester. Nilicheka mara mbili, ya tatu nikaenda kuchemsha chai. Muda ule wangempa Camila akae na Oliver, maana Oliver naye anapenda vitu vizuri asivyoweza kulipia, na wawili hao wakiwa chumba kimoja kuna moto.

Camila nampa 8 kwa 10. Msimu, 7. Vipindi vitatu vya mwanzo vilitoka pamoja tarehe 9 Septemba 2025, kwa hiyo vitazameni kwa mkupuo, na Lester mumwangalie mikono anavyofungua mlango. Haya, simu imebaki asilimia nne, tuonane Ijumaa.