Nishani za baba mkwe: ofisi ya kaunti nyota nne, kampuni ya mtandaoni hata moja siwapi

Wenzangu mlioolewa au kuoa kwenye familia za wanajeshi hapa Marekani, na ninyi mliovaa magwanda wenyewe, someni hii kabla hamjamlipa mtu yeyote kurekebisha rekodi za jeshi.

Baba mkwe wangu aliingia jeshi la nchi kavu mwaka 1983 akatoka 1986. Mwaka mmoja katika hiyo mitatu alikuwa Korea Kusini, Camp Casey, akiendesha malori. Alipotoka alipewa DD-214, karatasi ambayo askari mstaafu wa huku anaitunza kuliko pasipoti, maana ukienda kuomba matibabu, mkopo wa nyumba au maziko ya heshima, ndiyo wanayoiulizia kwanza. Kisanduku cha 13 cha karatasi hiyo kinaorodhesha nishani, beji na tepe zote, yaani vile vipande vya kitambaa cha rangi vinavyovaliwa kifuani. Chake kina tepe mbili, nishani ya mwenendo mwema na beji ya shabaha ya bunduki ya M16. Mbele yake mpiga chapa kagonga mistari miwili ya mshazari na maneno ambayo kwa Kiswahili ni "hakuna kinachofuata".

Kilikuwepo cha kufuata. Huko Korea kamanda wa batalioni alimvisha Army Achievement Medal mbele ya wenzake, kwa kazi ya usiku mmoja wa theluji ambao Baba akianza kuusimulia unajua chakula kitapoa. Nishani yenyewe ilipotea katika kuhamahama, na kwenye kisanduku cha 13 haikuingia kamwe. Kila tarehe 11 Novemba, siku ya wanajeshi wastaafu, anavaa koti lake na tepe zile zilizoandikwa tu. Nilimuuliza mwaka niliohamia kwao mbona ile haivai. Akanijibu, "Mwanangu, kisichoandikwa sikivai."

Hilo ndilo lililonisukuma, na hapo ndipo nilipokosea. Nilitafuta mtandaoni nikaangukia kampuni inayoahidi kumrudishia mstaafu "nishani zote anazostahili". Dola 349 kwa kadi. Sitaitaja jina. Hawakuniuliza cheti, hawakuniuliza alikuwa kikosi gani, walichotaka ni nakala ya DD-214 na sahihi ya Baba. Wakajaza fomu DD-149, ambayo ni ombi kwa bodi ya kurekebisha rekodi, wakaituma bila ushahidi hata wa ukurasa mmoja. Tena wakaongeza na National Defense Service Medal, ambayo Baba hakuwahi kuidai. Nishani hiyo hutolewa kwa waliokuwa jeshini katika vipindi maalumu. Kipindi kimoja kilifungwa tarehe 14 Agosti 1974 na kilichofuata kikaanza tarehe 2 Agosti 1990. Mtu aliyetumikia 1983 hadi 1986 yuko katikati ya pengo, haimhusu. Ni jambo la kuangalia kwa dakika mbili.

Barua iliporudi ilisema hakuna ushahidi, na kwamba njia za kawaida za kiutawala hazijapitiwa kwanza. Mimi nilielewa ni suala la utaratibu. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema taratibu, "Wanadhani mimi mwongo." Siku tatu hakuligusa tena jambo hilo mezani. Pesa nimezisamehe, lakini zile siku tatu bado zinaniuma. Kampuni ilinijibu kwamba kazi waliyolipwa ni kutuma ombi, na ombi limetumwa.

Mume wangu ndiye aliyekumbuka ofisi ya kaunti. Hapa Ohio kila kaunti, zote 88, ina ofisi ya kuwahudumia wanajeshi wastaafu, na huduma yao ni bure. Ya kwetu iko kwenye jengo kongwe, ghorofa ya pili. Miadi tuliisubiri wiki sita, na simu zao zinaita mpaka zinakata, ndiyo maana nyota ya tano nimeizuia. Ila tulipoingia, yule mama aliyetupokea alitupa saa nzima na nusu, na muda wote alizungumza na Baba mwenyewe. Mimi nilikuwa mshika mkoba.

Aliiweka DD-214 mezani akaisoma kwa kidole, kisanduku kwa kisanduku. Akasimama kwenye 12f, muda wa utumishi nje ya nchi. Akamuuliza, "Huu mwaka ulikuwa wapi?" Baba akasema Korea. Yule mama akatabasamu: "Basi tunatafuta mbili, si moja." Kumbe kuna Korea Defense Service Medal, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2002 na kuanza kutolewa 2004, lakini inahesabu huduma kuanzia tarehe 28 Julai 1954. Ukikaa kule siku 30 mfululizo, au 60 za kuungaunga, inakuhusu. Waliotoka jeshini kabla ya 2004 haiwezi kuwemo kwenye DD-214 zao, kwa sababu wakati zinachapwa nishani yenyewe haikuwepo. Baba alikuwa anaidai nchi yake nishani zaidi ya miaka 15 na hajui.

Halafu akatufundisha kitu ambacho kampuni ya dola 349 haikukigusa. DD-214 inaonyesha kwamba ulikuwa nje, haisemi ulikuwa nchi gani. Kwa hiyo usianze na bodi. Anza na fomu SF-180, iende kwenye kituo cha taifa cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri, na uombe faili zima, usiombe DD-214 peke yake. Ndani ya faili la askari wa zama zake kuna DA Form 2-1, karatasi inayoonyesha kila kituo alichopangiwa, kuanzia lini hadi lini. Hiyo ndiyo shahidi wako. Bodi ni mahali pa mwisho, njia nyingine zikigoma, na kisheria ombi hutakiwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa ligundulike, ingawa wanaweza kulegeza muda huo kwa ajili ya haki.

Kuhusu ile nishani ya theluji alisema neno moja: karatasi. Baba ana kopo la biskuti analoweka vitu vya zamani. Usiku ule tulilimwaga juu ya kitanda. Cheti kilikuwepo, kimekunjwa mara nne, gundi ya selotepu imekauka ikaacha mstari wa rangi ya chai katikati ya sahihi ya kamanda. Nilipokinyanyua kikadondosha karatasi nyingine nyembamba iliyokuwa imenatia mgongoni, ya taipureta, herufi zimeanza kufifia. Ilikuwa amri yenyewe ya kutoa nishani, ina namba, ina tarehe, ina jina lake na cheo chake. Baba akaketi kitandani. Alikuwa na hiyo karatasi miaka yote na hakujua kama ndiyo inayohitajika.

Sahihi ilibidi atie mwenyewe. Vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, na yule mama alimpa kalamu nene, akamwambia asiharakishe. Hili mlijue wakamwana wenzangu: mstaafu akiwa hai, ombi ni lake na sahihi ni yake. Akifariki, wanaotambuliwa kama ndugu wa karibu ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, wazazi, watoto wake na ndugu zake wa kuzaliwa. Mke wa mtoto hayumo. Mimi niliyehangaika na faili hili nisingekuwa na haki ya kuomba chochote, angeomba mume wangu.

Nilimuuliza pia kama faili linaweza kuwa limepotea, maana nilishasikia habari za moto. Alinieleza kwamba tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu kule St. Louis liliungua, yakateketea mafaili kama milioni 16 hadi 18, na nakala za pembeni hazikuwepo. Waliopigwa zaidi ni askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960, ambao asilimia 80 ya mafaili yao yaliungua, na sehemu ya jeshi la anga. Kama mzee wako ni wa wakati huo, usikate tamaa, wana namna ya kuunga rekodi upya kwa kutumia vyanzo vingine kama hati za malipo ya mwisho. Itachukua muda zaidi. Baba alitoka 1986, lake lilikuwa salama.

Faili lilifika baada ya miezi minne. Korea ipo, tarehe zipo. Ombi la marekebisho likaondoka na vivuli vya cheti na amri (nakala halisi usitume kamwe, alilisema hilo mara tatu). Tukasubiri miezi saba mingine. Katika muda huo ofisi haikutupigia hata mara moja, sisi ndio tuliokuwa tukiwasaka. Wanapaswa kulirekebisha hilo, kwa sababu mzee anayesubiri hufikiri amesahauliwa.

Kilichokuja kwa posta si DD-214 mpya. Ile ya zamani haifutwi, unapewa DD-215, karatasi ya masahihisho ya kuishika pamoja na ya kwanza. Inasema: kisanduku cha 13, ongeza. Na zimeandikwa zote mbili. Nishani zenyewe zilifuata kwenye kifurushi kidogo, bila malipo. Ile ya Korea ni ya shaba, ina joka limejiviringa. Ya pili ina pembe nane. Baba aliishika hiyo ya pili muda mrefu akiipapasa pembe kwa kidole gumba, kisha akaniuliza kama kibanda cha kushonea koti kinafungwa saa ngapi.

Mume wangu alitaka kuzibana DD-214 na DD-215 kwa stepla, akakemewa, hakuna kutoboa. Zimeshikwa kwa klipu, na nakala tumeziandikisha kwa msajili wa kaunti, nayo pia bure. Yule mama wa ofisini amesema kuna cheti cha utambuzi wa Vita Baridi kwa waliotumikia kati ya tarehe 2 Septemba 1945 na 26 Desemba 1991. Si nishani, ila Baba anakitaka. Fomu nimeshaijaza, kesho asubuhi vidole vyake vikipata moto atatia sahihi.